Hellsing ni mbili: ipi ndiyo yenyewe, na kwa nini Alucard anamtii Integra?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kutazama anime ya Hellsing, zile sehemu 13 za mwaka 2001, ya vampaya Alucard anayelitumikia shirika la Integra la kuwinda vampaya. Nimeipenda sana ila mwisho umeniacha hewani. Huyu Incognito katokea wapi? Nani alikuwa nyuma ya vampaya wale wa kutengenezwa? Integra yuko gerezani, Alucard anamjia, halafu basi, imeisha. Rafiki yangu anasema nilichotazama siyo Hellsing yenyewe, eti kuna nyingine inaitwa Ultimate. Ni kweli? Na kuna jambo linanisumbua: Alucard hashindwi na kitu, kwa nini anapiga magoti mbele ya binadamu wa kawaida? Mdogo wangu wa miaka 13 naye anataka nitazame naye hiyo nyingine. Naomba usinimalizie uhondo. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mdogo wako kwa sababu hilo halingoji: usitazame naye. Ile ya 2001 yenyewe haimfai, na Ultimate ndiyo kabisa. Damu si tatizo pekee. Kuna Jan Valentine, mmoja wa maadui, ambaye mdomo wake ni mchafu tangu anapotokea mpaka anapokufa, na katika sehemu ya 7 ya Ultimate kuna kumbukumbu ya utoto wa Seras, yule polisi aliyegeuzwa vampaya na Alucard, usiku ule wazazi wake walipouawa. Yanayofanyika pale hata mtu mzima anageuza uso. Ni kazi ya watu wazima, imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Mtafutie kingine, hii ataikuta.

Sasa turudi kwako. Rafiki yako amesema kweli, lakini nusu.

Hellsing ni manga kwanza, yaani hadithi ya picha ya Kijapani. Kouta Hirano alianza kuichora mwaka 1997 kwenye jarida la Young King OURs, akaweka kalamu chini mwaka 2008. Vitabu 10 kwa miaka 11. Piga hesabu hapo: studio ya Gonzo ilianza kurusha anime yake kwenye televisheni Oktoba 2001, Hirano akiwa hajafika hata nusu ya safari. Maadui wakubwa wa hadithi hii, kundi linaloitwa Millennium, ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kujitokeza kwenye kurasa. Vita yenyewe ilikuwa bado kichwani mwa mchoraji. Mtu akipewa nusu ya hadithi na kuambiwa ajaze sehemu 13, hana njia nyingine, atatunga. Na ndivyo ilivyokuwa. Hadithi ilipangwa na Chiaki J. Konaka, yule aliyeandika Serial Experiments Lain mwaka 1998, mtu wa kimya kirefu na vyumba vyenye giza, akachukua mwanzo wa Hirano kisha akachepuka kwenda kwake. Jambo hili si geni kwa wapenzi wa anime. Fullmetal Alchemist ilipitia hayo hayo: ya 2003 ikajitungia mwisho, ya 2009 ikarudi kufuata manga, kama Ultimate ilivyofanya kwa Hellsing.

Kwa hiyo lile swali lako la nani alikuwa nyuma ya vampaya wale wa kutengenezwa lina jibu, ila jibu haliko kwenye ulichotazama. Kwenye manga mtu huyo ana jina, ana sura, ana sababu zake, na anapozungumza mara ya kwanza utaelewa kwa nini watu walilalamika kumkosa mwaka 2001. Siendelei hapo, umeniomba nisikumalizie uhondo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ya 2001 itupwe. Mkurugenzi wake, Umanosuke Iida, alijua kitu kimoja ambacho Ultimate haikukijali sana: hofu inakaa pale ambapo hakuna kinachotokea. London yake ni tupu na ina ubaridi. Muziki wa Yasushi Ishii una magitaa yanayokwaruza na jazi ya kilevi, na kila sehemu ikiisha unapigwa wimbo wa Mr. Big, "Shine", laini kabisa, kama vile mtu amefungua dirisha. Na Seras wa 2001 anapewa nafasi ya kuogopa. Kumbuka yale mambo ya chakula: pakiti ya damu ya hospitali imewekwa mezani, yeye kakaa mbele yake, anaitazama, na hawezi. Njaa anayo, damu anaitaka, lakini akiinywa ndiyo basi tena, ubinadamu umekwenda. Hapo hakuna risasi wala kelele, na bado ni moja ya vipande vya kutisha kuliko vyote.

Kuhusu Incognito. Huyu hayumo kwenye manga hata ukurasa mmoja, alitungwa kwa ajili ya televisheni tu, na nalisema hili kwa uchungu: alitungwa vibaya. Tunaambiwa ni vampaya kutoka Afrika, anamwita Set, mungu wa Misri ya kale, na baada ya hapo hakuna tunachojua. Afrika ipi? Mji gani, watu gani, lugha gani? Vampaya wa Uingereza wanapewa kijiji, wanapewa kanisa, wanapewa shimo walilotokea. Huyu wetu anapewa bara zima na jina lenye maana ya mtu asiyejulikana. Ndiyo sababu hata wewe umebaki unauliza katokea wapi. Waandishi wenyewe hawakujiuliza.

Nasikitika kwa sababu kulikuwa na mengi ya kuokota. Sisi huku tuna mumiani. Bibi zetu walipotukataza kutoka nje jioni, hawakuwa na habari ya maiti anayefufuka na kuvaa joho. Mumiani alikuwa mtu mzima, hai, mwenye kazi yake, aliyesemekana ametumwa akusanye damu za watu. Nairobi na Kampala enzi za ukoloni walimwita mzimamoto, kwa jina la waliovaa yunifomu na kuendesha magari ya kuzimia moto. Hofu ile ilikuwa hofu ya mwenye mamlaka. Ukiitazama Hellsing kwa jicho hilo, inakujia karibu zaidi kuliko unavyodhani: shirika la wakuu wa nchi, lenye baraka za Malkia, lenye ofisi na bajeti na askari, na chini ya jumba lake limeweka mnyonya damu wake lenyewe.

Tukifika hapo tumefika kwenye swali lako kubwa.

Jina Alucard lisome kinyumenyume utaliona Dracula. Jina Hellsing limetoka kwa Van Helsing, daktari anayemwinda Dracula katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Kwenye riwaya Dracula anauawa. Hirano aliuliza swali moja dogo ambalo limezaa kila kitu: je, kama daktari yule alimshinda lakini hakumuua? Kama alimfunga, akamfanya mtumishi wa nyumba yake, yeye na watoto wake na wajukuu wake? Integra ni wa ukoo huo.

Ultimate inaonyesha katika sehemu ya kwanza kabisa walivyokutana. Baba yake Integra amefariki, na binti, bado mdogo, anawindwa na baba yake mdogo, Richard, anayeutaka urithi. Anakimbilia chini ya nyumba kwa sababu marehemu alimwambia kuna kitu kule kitakachomlinda. Anachokikuta ni maiti iliyokauka, imekaa sakafuni, imefungwa. Binti anakaa pembeni yake, hana la kufanya. Richard anaingia na watu wake, anampiga risasi begani, damu inaruka, matone yanaanguka chini. Halafu unasikia kitu kinalamba sakafu. Itazame sehemu hiyo taratibu, hasa yanayofuata baada ya wale watu kumalizwa: binti aliyejeruhiwa kakamata bastola, zimwi liko mbele yake, na zimwi ndilo linalopiga magoti.

Wengi wanafikiri anapiga magoti kwa sababu ya mihuri iliyochorwa kwenye glavu zake nyeupe, zile kufuli zinazofunguliwa ngazi kwa ngazi kwa ruhusa ya Integra. Mihuri ipo na ina kazi yake. Lakini kufuli halimfanyi mtu akuheshimu. Alucard anamheshimu Integra kwa sababu katika usiku ule hakulia wala hakuomba.

Kuna ngano ya pwani ambayo bila shaka uliisikia utotoni, ya paka wa Sultani. Alianza na kuku, watu wakashtaki, Sultani akasema mwacheni, paka ni wangu na kuku ni wangu. Akaja kwenye mbuzi, akaja kwenye watu, mpaka akawa nunda mla watu na kula wana wa Sultani mwenyewe. Aliyemuua mwishoni hakuwa mnyama mwenzake wala jini. Alikuwa kijana, mtoto wa mwisho wa yule Sultani. Hellsing ni ngano hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa: nyumba imefuga nunda kwa miaka mia, inamtuma akaue manunda wengine, na tofauti kati ya Integra na yule Sultani ni kwamba Integra hajawahi hata siku moja kujidanganya kuhusu alichokifuga.

Utaliona hilo kwenye sehemu ya 3 ya Ultimate, wanapokwenda Rio de Janeiro. Hapo ndipo nilipoacha kuitazama kazi hii kama mchezo wa bastola. Alucard yuko hotelini, polisi wenye silaha wamezingira jengo na wanapanda juu kumfuata. Si vampaya hao, wala mazombi. Ni watu wenye mishahara na familia, wametumwa na wakubwa walionunuliwa. Anawamaliza wa mwanzo, Seras analia kwamba hao ni binadamu, na Alucard anapiga simu London. Anamwambia Integra waziwazi: hawa nitakaowaua ni watu wa kawaida, wasio na kosa. Mimi ni bunduki yako. Nitalenga mimi, nitapiga mimi, lakini kuua ni kwa nia yako wewe. Sema unataka nini.

Mwangalie Integra hapo, usimwangalie Alucard. Sigara mkononi, mkono unatetemeka, kisha sauti inapanda na amri inatoka ile ile, bila kupunguzwa neno. Alucard anafurahi, na ukifikiri anafurahia ruhusa ya kuua, rudia tena. Anafurahi kwa sababu binadamu amekubali kubeba mzigo wake mwenyewe. Hakumwachia zimwi dhambi. Muda mfupi baadaye miili inaonekana nje ya hoteli, imechomekwa kwenye milingoti ya bendera, na anayejua historia ya Vlad wa Wallachia, yule mtawala wa karne ya 15 aliyewachomeka maadui zake kwenye vijiti, anaelewa ni nani hasa kapiga simu ile.

Kutoka hapo hadithi nzima imejengwa juu ya sentensi moja ambayo Alucard anairudia kwa namna mbalimbali: zimwi halitakiwi kuuawa na zimwi mwenzake, anayeweza kuliua zimwi ni binadamu. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni maringo ya mwenye nguvu. Ni ombi. Mtu huyu ameishi karne nyingi, hafi, na anatafuta binadamu mmoja wa kummaliza kwa haki. Ndiyo maana anamdharau kila vampaya anayekutana naye, kwa sababu kila mmoja wao aliutupa ubinadamu kama yeye alivyoutupa, na anajua ni udhaifu wa namna gani. Ndiyo maana Seras anapokataa damu anamkaripia, lakini hamtupi.

Na ndiyo maana kuna Alexander Anderson. Kwenye sehemu 13 ulizotazama anapita kidogo, kasisi mrefu mwenye ndevu, miwani na bayoneti zisizokwisha mikononi. Anatoka Kikosi cha 13 cha Vatikani, kinachoitwa Iskariote, kwa jina la Yuda yule yule aliyemsaliti Bwana kwa vipande 30 vya fedha, na wanalibeba jina hilo kwa fahari. Kwao waprotestanti wa Hellsing ni wazushi na vampaya ni taka. Kwenye Ultimate Anderson ndiye nusu ya pili ya moyo wa hadithi. Mwili wake umeongezewa nguvu na watu wa Vatikani, majeraha yake yanajifunga, lakini bado ni binadamu, anakufa akiuawa, na Alucard anamtazama jinsi mwenye kiu anavyotazama mtungi. Watakapokutana mara ya mwisho, sehemu ya 8, Anderson atashika kitu mkononi na Alucard atamwomba asikitumie. Zimwi litamwomba adui yake. Sisemi zaidi.

Kuhusu kuitazama. Ultimate ni sehemu 10, nyingi zina dakika 40 hadi karibu saa nzima, kwa hiyo usitegemee mwendo wa televisheni. Haikurushwa kwenye televisheni kila wiki. Ilitengenezwa kuuzwa kwa diski moja kwa moja kwa wapenzi wake, na kwa sababu hiyo haikukatwa na pia haikuwa na haraka: diski ya kwanza ilitoka Februari 2006 na ya mwisho Desemba 2012. Karibu miaka saba kwa sehemu 10. Waliokuwa wanaifuatilia wakati ule waliingia sekondari na kuimaliza wakiwa kazini. Studio nazo zilibadilika njiani, Satelight wakafanya 1 hadi 4, Madhouse 5 hadi 7, Graphinica 8 hadi 10, na jicho lako litaona rangi na nyuso zikibadilika. Mimi nazipenda zaidi za Madhouse.

Anza na sehemu ya 1, usiruke kwa kuwa unamjua Seras na kijiji cha Cheddar. Itakimbia, mambo mengi uliyoyaona kwa sehemu kadhaa yatapita ndani ya saa moja. Ya 2 ni uvamizi wa ndugu wa Valentine, nayo unaijua. Vumilia. Mlango unafunguka kwenye ya 3. Utakutana na vichekesho vya nyuso zilizochorwa kitoto katikati ya maafa, Hirano ndivyo alivyo hata kwenye kurasa, na mimi vilinikera mpaka nilipozoea.

Sauti: hapa naweza kukushauri uchague yoyote, jambo ambalo ni nadra. Jouji Nakata anamsemea Alucard kwa Kijapani katika anime zote mbili, Crispin Freeman kwa Kiingereza katika zote mbili, kwa hiyo utamtambua mara moja. Hadithi ni ya London, na sauti za Kiingereza zimefanywa kwa lafudhi za huko, zinapendeza. Anderson wa Kijapani kwenye Ultimate ni Norio Wakamoto, na kwa ajili yake peke yake nilitazama mara ya pili.

Jambo la kujiandaa nalo: Millennium ni mabaki ya Manazi. Utaona sare zao, utasikia hotuba zao, na kiongozi wao, Meja, mtu mfupi mnene mwenye miwani, ana hotuba ya kuipenda vita inayopanda ngazi kwa ngazi mpaka unajikuta umeinama mbele ya kioo. Nimeona vijana wakiikariri kama shairi. Hotuba ile imeandikwa ikuvute, ili ujue watu walivutwaje. Kisha utaona ilivyoshuka juu ya London, mitaa na watu wake, na hakuna aliyenusurika kwa sababu ya ufasaha.

Ukimaliza zote 10, na bado una hamu, kuna The Dawn, hadithi ya nyuma inayotupeleka Warsaw mwaka 1944, Walter, yule mtumishi mzee wa jumba la Integra, akiwa kijana wa miaka 14. Hirano hakuimaliza. Isome mwisho kabisa, si kabla, kwa sababu Walter wa ujana ukimjua mapema utaharibikiwa na kitu kikubwa.

Na njiani tega sikio kwa jambo dogo. Tangu usiku wa Cheddar, Alucard hamwiti Seras kwa jina. Anamwita polisi, binti polisi, mwezi hadi mwezi, hata anapomtetea. Hesabu vipindi mpaka siku atakapomwita Seras Victoria, kisha rudi nyuma kidogo utazame alikunywa damu ya nani, na ilikuwaje akakubali kuinywa.